Sikio la mwenye kisukari lisidharauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wenzangu wa Mbeya jambo ambalo huku kwetu hupuuzwa, nalo ni maambukizi ya mifupa ya uso na fuvu kwa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na kisukari, Virusi vya Ukimwi au dawa za saratani. Mjomba wangu wa Tukuyu, mwenye kisukari, alianza kwa maumivu ya sikio yaliyomnyima usingizi; tukamtilia mafuta vuguvugu (naona aibu kusema, lakini ndivyo tulivyofanya), na tulipomfikisha hospitali mdomo ulikuwa umekwisha kupinda upande mmoja, kwa kuwa bakteria walikuwa wametoka kwenye tundu la sikio na kuingia katika mfupa wa chini ya fuvu, unamopita mshipa wa fahamu wa uso. Tiba yake ni viuavijasumu kwa wiki 6 au zaidi, sukari ikidhibitiwa. Taya la chini nalo, ambalo hupata damu kidogo kuliko la juu, huweza kuoza kutokana na jino bovu. Naziomba kliniki za kisukari za Nyanda za Juu Kusini zikague masikio na meno kama zinavyokagua miguu.

Msomaji wako,
Mbeya