Barua ya wazi kwa vijana wa kriketi wa Mtwara wanaotaka kuishi kwa kupiga mpira

Wajukuu zangu,

Tangu vijana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walipofuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la mwaka 2026, nimewasikia wengi wenu mkisema kwamba mnataka kuwa wapigaji wa kulipwa. Nimefurahi sana, na siandiki ili kuwakatisha tamaa. Hata hivyo, naona mnazungumzia mikimbio tu, yaani alama anazopata mpigaji, ilhali maisha yake kwa sehemu kubwa ni maisha ya kutolewa, yaani kukosea na kuondoka uwanjani, na asiyelijua hilo mapema huuacha mchezo akiwa bado kijana.

Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, akikosea mmoja, unaofuata ni wake pia. Mpigaji akikosea mmoja, huenda akarudi kivulini na kukaa kutwa nzima akiwatazama wenzake. Donald Bradman wa Australia, ambaye wastani wake wa mikimbio 99.94 katika mechi za Test, zile mechi ndefu za kimataifa za siku kadhaa, haujafikiwa na mpigaji mwingine yeyote aliyecheza kwa muda mrefu, alipata mikimbio 18 na 1 katika zamu zake mbili za kupiga kwenye mechi yake ya kwanza mwaka 1928, akaachwa nje ya kikosi cha mechi iliyofuata. Mwaka 1948, katika zamu yake ya mwisho jijini London, alihitaji mikimbio 4 ili wastani huo ufike 100, akatolewa kwa mpira wa pili bila kupata hata mmoja. Jirani yetu Steve Tikolo wa Kenya alifika mikimbio 96 dhidi ya Sri Lanka kule Kandy, katika Kombe la Dunia la mwaka 1996, akatolewa zikiwa zimebaki 4 tu kutimiza 100. Lakini alirudi kwenye mashindano hayo mara nne zaidi, hadi mwaka 2011. Naye Sachin Tendulkar wa India, baada ya kufikisha mikimbio 100 kwa mara ya 99 katika mechi za kimataifa mnamo Machi 2011, alisubiri mwaka mzima kabla ya kuipata ya mia.

Nawaomba mtazame hasa alichokifanya Tendulkar huko Sydney mwanzoni mwa mwaka 2004. Katika ziara ile ya India nchini Australia alikuwa ametolewa kwa kuifuata mipira iliyorushwa nje ya upande wake wa kulia, akijaribu kuipiga kwa pigo lile zuri la kusukuma mbele ambalo watu walilipa kiingilio kulitazama. Basi akaamua kuliacha. Alisimama saa nyingi akiiacha mipira hiyo ipite, akapiga ile tu iliyomwelekea mwilini, na akamaliza na mikimbio 241 bila kutolewa. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo kazi yenyewe: kuujua udhaifu wako kabla mrushaji hajautumia, na kuwa na moyo wa kujinyima pigo unalolipenda. Nikiwatazama jioni, naona kila mmoja wenu anataka kupiga mpira utoke nje ya uwanja, na ni wachache mno wanaoweza kuacha mipira mitano mfululizo.

Jambo jingine ni zege mnalochezea, mahali mpira unapodunda mbele ya mpigaji. Juu ya zege mpira hudunda kwa namna ileile kila mara, lakini kwenye udongo uliotunzwa na nyasi fupi, kadiri mechi inavyoendelea, mpira mmoja huruka na mwingine hubaki chini. Anayetaka kulipwa ni lazima aende akajifunze huko Dar es Salaam, ambako mchezo huu umejikita, kabla hajajipima na wengine. Kofia ya chuma msiivue hata mazoezini. Phillip Hughes wa Australia alikuwa ameivaa mwaka 2014, mpira ukampiga shingoni mahali isipofika, naye akafariki akiwa na miaka 25.

Kuhusu fedha, nyinyi ni watoto wa wakulima na mnaelewa kwamba pesa ya korosho huingia kwa msimu mmoja na lazima ilishe nyumba mwaka mzima. Mkataba wa mpigaji ni hivyohivyo, tena huu hukatika mtu akiwa bado na nguvu za kufanya kazi nyingine. Ndiyo sababu sitaki kusikia mtu ameacha shule kidato cha pili kwa ajili ya mazoezi. Na atakapokuja mtu kuwapa bahasha ili mtolewe makusudi, au muuze habari za timu, mkumbukeni Maurice Odumbe, mchezaji bora wa siku ile Kenya ilipowafunga West Indies mwaka 1996, ambaye mwaka 2004 alifungiwa miaka 5 kwa kupokea fedha za wacheza kamari.

Kabla ya yeyote kupanda basi kwenda kufanya majaribio Dar es Salaam, naomba aje nyumbani akiwa na mzazi wake na mwalimu wake. Tutazungumza atalala kwa nani, nani atamlipia chakula, na atarudi lini darasani ikiwa hakuchaguliwa. Nitawasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine.

Babu yenu,
Shangani, Mtwara