Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: tupewe nafasi ya kuwapeleka wanafunzi wa lugha mpakani

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako ninafundisha Kiswahili na Kifaransa katika shule ya sekondari ya serikali. Ninakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba haliwezi kuamuliwa na mwalimu mkuu, wala na ofisi ya elimu ya wilaya peke yake. Ninaomba ziara za lugha, yaani zile ambazo wanafunzi huenda kuzungumza na watu wanaoitumia lugha wanayosoma, zitambuliwe kuwa sehemu ya ufundishaji na zihesabiwe katika tathmini endelevu, ile ya kazi za shuleni kabla ya mtihani wa mwisho.

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Kifaransa kikabaki miongoni mwa lugha za kuchagua. Mtaala huohuo unatutaka tumpime mwanafunzi kwa anachoweza kukitenda, ndiyo maana asilimia 20 ya alama za cheti cha kidato cha nne hutokana na kazi anazozifanya shuleni kabla ya mtihani. Hata hivyo, ukitazama jinsi shule zinavyozitumia siku za kutoka nje, utaona mwalimu wa jiografia akiwapeleka wanafunzi Jinja kwenye chanzo cha Mto Nile, na wa historia akiwapeleka katika Jumba la Makumbusho la Uganda kule Kampala, huku sisi wa lugha tukibaki na ubao na chaki. Tunapoalikwa kujaza viti vilivyobaki kwenye basi, wanafunzi wetu huyaona yaleyale wanayoyaona wenzao, kisha hurudi na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Hayo ni matembezi tu, na sioni haki ya kumwomba mzazi ayalipie kwa jina la Kiswahili.

Sisi wa Tororo tuko karibu na Malaba, mji ulio kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo hupita hapo, na madereva, mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha na akina mama wauza chakula huelewana kwa Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku. Tumewahi kuwapeleka wanafunzi huko kwa ridhaa ya wazazi, wakiwa wawili wawili, kila jozi na maswali iliyoyaandaa darasani juma zima: mzigo huu umetoka wapi, safari huchukua siku ngapi, karatasi zipi hukaguliwa, dereva hula wapi na hulala wapi. Lililowashinda mwanzoni halikuwa msamiati. Mwalimu darasani husema polepole na humngoja mwanafunzi. Dereva aliyechoka hamngoji mtu. Wanafunzi waliokuwa wakipata alama nzuri katika ufahamu walisimama kimya hadi mmoja wao alipothubutu kusema, “Samahani mzee, naomba urudie,” na kuanzia hapo mazungumzo yakafunguka.

Najua wapo wakaguzi watakaosema kwamba Kiswahili cha mpakani si sanifu, na ni kweli. Mwanafunzi atasikia “gari imekwama” mahali ambapo kitabu chake kinamwambia “gari limekwama”. Lakini atakapoileta sentensi hiyo darasani na wenzake wakabishana kuhusu upatanisho wake, ngeli itamwingia kuliko akiimba jedwali ukutani. Kifaransa nacho hakikosi mambo yake. Kitabu kinamfundisha mwanafunzi kwamba sabini ni soixante-dix, naye akikutana na dereva Mkongomani anasikia septante, kama wasemavyo pia Wabelgiji waliowatawala. Hapo mwanafunzi anatambua kwamba Kifaransa kina wenyewe wengi, baadhi yao majirani zake, wala si mali ya Paris peke yake. Mimi binafsi ningefurahi zaidi kuona alama zikitolewa kwa ugunduzi wa namna hiyo kuliko kwa barua ya kubuni anayoandikiwa rafiki wa Ufaransa ambaye hayupo.

Kuna na suala la wazazi. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikuwa wamekwisha kukizoea kama lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani, na bado wapo wazee wanaokisikia hivyo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka uliotangulia wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wameviidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Maazimio hayo ni mema, ila mzazi wa kijijini hayasomi. Anachokiona ni mtoto wake akirudi na habari za mama wa Kisamia anayeendesha biashara ya samaki kwa Kiswahili na kusomesha watoto kwa faida yake.

Usalama ni hoja nzito na siipuuzi. Malaba kuna malori mengi na wageni wengi, kwa hiyo wanafunzi wasivuke mpaka, wasiachwe bila mwalimu, na kila mzazi atie sahihi. Gharama nayo ndiyo inayonifanya nitetee ziara za karibu. Shule ya Kasese karibu na Kongo, ya Mutukula kwenye mpaka wa Tanzania au ya Nakivale penye makazi ya wakimbizi haihitaji kukodi basi la Kampala ili kumsikia mzungumzaji wa Kiswahili, na shule za Kampala zenyewe zina Wakongomani wengi pale Katwe na Nsambya, pamoja na kituo cha utamaduni cha Kifaransa kilichomo jijini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba Wizara ishauriane na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala na Baraza la Taifa la Mitihani ili ripoti ya ziara, ikiambatana na mazungumzo yaliyorekodiwa, ikubaliwe kuwa kazi ya tathmini endelevu katika lugha. Naomba pia waraka utakaoruhusu sehemu ndogo ya ruzuku ya shule itumike kwa nauli, ili mtoto asiyekuwa na pesa asibaki shuleni siku hiyo. Na kwa kuwa mpakani tunaingia eneo la forodha, barua moja ya Wizara kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ikiomba shule zitengewe nusu siku katika kila muhula, ingetuondolea kazi ya kubembeleza ofisi moja baada ya nyingine. Waraka ukitoka kabla ya muhula wa pili, ziara za kwanza zingeweza kufanyika karibu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na ripoti za wanafunzi zikasomwa shuleni siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili na Kifaransa,
Wilaya ya Tororo