Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tumelia vya kutosha, sasa tuandike

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wapenzi wa reli, habari za mwaka mzima. Katibu amenisumbua wiki kadhaa kwamba taarifa ya mwenyekiti inatakiwa iwafikie kabla ya mkutano mkuu, sio mje kuisikia ukumbini kwa mara ya kwanza, basi hii hapa. Ni ndefu kuliko ya mwaka jana maana safari hii kuna vitu vya kusema, na wale mnaosoma mstari wa kwanza na wa mwisho halafu mnakuja kuuliza maswali, nawajua.

Mambo ya ndani tuyamalize haraka. Wanachama wapya wamekuja, wengi vijana ambao hawajawahi kupanda treni ya tawi, yaani ya njia ndogo inayochepuka kutoka njia kuu, hata siku moja, na baadhi ya wazee wetu wamenung'unika kwamba hawa wanapenda picha tu. Mimi naona sawa tu, mtu anaweza kupenda kitu ambacho hakukikuta, na kwa taarifa yenu hao hao ndo waliofanya kazi nyingi ninazozieleza hapa chini. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, mimi sizigusi. Vikao vya kamati vimefanyika vyote isipokuwa kimoja ambacho akidi haikutimia, na wahusika wanajijua.

Sasa kazi. Mkutano uliopita tulikubaliana kila mwezi mwanachama mmoja alete habari ya njia ya tawi iliyofungwa, iwe ya nchi yoyote, tuijadili. Nia ilikuwa nzuri ila miezi ya mwanzo kiukweli tuligeuka kikundi cha matanga. Inaletwa picha ya stesheni iliyoota majani mpaka kwenye dirisha la tikiti, watu wanaandika "dah, enzi hizo", wanaweka machozi, imeisha. Reli ilibeba nini, iliendeshwaje, nani aliamua ifungwe na kwa sababu gani, hakuna anayeuliza.

Kilichotuamsha ni habari ya Hokkaido, Japani. Mnaikumbuka, ile iliyozunguka dunia nzima mwaka 2016 kwamba shirika la reli limeacha stesheni ya Kami-Shirataki wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja tu wa kike mpaka amalize shule. Iliposomwa kwetu watu walilia kweli kweli. Halafu kijana mmoja, mgeni kabisa kwenye chama, akasema jamani mbona mimi nimesoma tofauti, huyo binti alikuwa anapandia stesheni nyingine, Kyu-Shirataki, na alikuwa anasafiri na wanafunzi wenzake, na stesheni zile zilifungwa Machi 2016 wakati wa mabadiliko ya ratiba ambayo Japani hufanywa kila mwaka mwezi huo huo. Kimya. Wengine walikasirika, eti anaharibu utamu. Lakini ukweli wenyewe mbona mtamu, kwamba kulikuwa na treni ya asubuhi ambayo watoto wa shule wa sehemu ya baridi kali na watu wachache waliitegemea, na ratiba ilikwenda na masomo yao mpaka mwisho. Hiyo ndiyo njia ya tawi. Haikuhitaji kuongezewa chumvi.

Toka siku hiyo tukaweka utaratibu: anayeleta njia alete na kazi yake, na majadiliano yakawa na moto kweli. Mwezi wa Dr Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la Uingereza, ndio uliovunja rekodi ya mabishano. Ripoti yake ya tarehe 27 Machi 1963 ilipendekeza Uingereza ifunge stesheni 2,363 na njia za karibu kilomita 8,000, na sisi wapenzi wa reli tumezoea kumfanya huyu bwana shetani. Haya, mkisoma namba zake, theluthi moja ya urefu wa njia zote ilikuwa inabeba asilimia 1 tu ya abiria kwa kipimo cha maili walizosafiri. Hiyo huwezi kuipinga kwa machozi. Treni zilikuwa tupu. Na wengi waliojazana kwenye treni ya mwisho na maua na kamera walikuwa hawajaipanda miaka na miaka, tena nasema hivi nikijua wapo kati yetu wenye tabia hiyo hiyo.

Ila pia kuna kitu ambacho hesabu ya namna ile haioni, na hapa mzee wetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ratiba alitufundisha vizuri sana. Tawi huwezi kulipima kwa tikiti zinazokatwa kwenye stesheni zake peke yake, maana abiria wa tawi akifika stesheni ya makutano anaendelea na safari ndefu kwenye njia kuu, na pesa ya safari ile inaandikwa kwingine. Ukifunga tawi ukamwambia mtu aendeshe gari mpaka stesheni kubwa akapandie huko, akishawasha gari haoni sababu ya kushuka, anaenda nalo moja kwa moja. Na yale mabasi yaliyowekwa kuziba pengo la treni, mengi nayo yaliondolewa baadaye. Kwa hiyo namba zilikuwa namba za kweli, swali ndilo lililokuwa fupi.

Njia iliyonifurahisha mimi binafsi ni ya Lewes kwenda East Grinstead, kusini mwa Uingereza, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Bluebell. Ilifungwa mwaka 1955. Mama mmoja mkazi wa hapo, Madge Bessemer, badala ya kulalamika akaenda kuchimba sheria ya karne ya 19 iliyoruhusu njia ile kujengwa, akakuta imeandikwa wazi kwamba lazima zipite treni nne kwa siku. Sheria haijafutwa! Basi mwaka 1956 reli ya taifa ikalazimika kuzirudisha treni, na ilizirudisha kwa kununa, treni nne kamili bila hata moja ya zawadi, saa ambazo hazimfai mtu, na stesheni ambazo hazikutajwa kwenye sheria ikazipita kama hazioni. Ilibidi Bunge lishughulikie ile sheria ndo njia ikafungwa tena, Machi 1958. Mwaka 1960 wapenzi wa reli wakaanza kuendesha kipande chake wenyewe, na wanaendesha mpaka leo. Walikuwa na mfano mbele yao, maana Talyllyn kule Wales ilishachukuliwa na watu wa kujitolea mwaka 1951, ya kwanza duniani kwa namna hiyo. Nataka mzingatie tu kwamba huyu mama alishika karatasi.

Upande wetu wa Afrika Mashariki iliyojadiliwa kwa kirefu ni njia ya kusini mwa Tanganyika, ile ya Nachingwea. Hii ni reli iliyozaliwa na karanga. Serikali ya Uingereza mwaka 1947 ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, matrekta yakaletwa, misitu ikasukumwa, na kwa Nachingwea ikaonekana lazima ijengwe reli mpya kabisa na bandari mpya ya maji ya kina, Mtwara. Mradi ulitupwa Januari 1951. Bandari ilifunguliwa 1954. Yaani reli na bandari vinakamilika, mzigo uliosababisha vijengwe umeshakufa miaka mitatu nyuma. Na ile reli haikuungana na reli nyingine yoyote ya nchi, ilikaa peke yake huko kusini, kwa hiyo hata kuazima mzigo wa jirani haikuweza. Miaka ya mwanzo ya 60 ikafungwa na kung'olewa. Wapo wanachama ambao wazazi wao waliipanda na wanaizungumzia kwa mapenzi makubwa, na mapenzi yao ni haki yao, treni iliyokufikisha hospitali haiulizwi ilijengwa kwa akili gani. Ila tukiweka kumbukumbu tuweke vyote viwili.

Nije kwenye mradi wa sauti, ambao naona ndio kazi ya maana kuliko zote za mwaka huu. Vijana wamekuwa wakiwafuata wastaafu, magadi (wale wasimamizi wa treni wanaokaa behewa la nyuma), mastesheni masta, madreva, mafayamani, manyapara wa njia, wanawarekodi. Maelekezo yalikuwa usiulize "unaikumbukaje", uliza "ulifanyaje". Ukimuuliza mzee anaikumbukaje atakupa hotuba. Ukimuuliza treni ikiingia stesheni mkono wako wa kulia ulikuwa umeshika nini, hapo ndo anasimama kwenye kiti.

Kwa mfano taa ya mkia. Mimi miaka yote nilijua treni ina taa nyekundu nyuma, nikadhani ni ya kuonya tu treni inayofuata. Gadi mmoja mstaafu akaeleza kwamba ile taa ndiyo hati ya treni. Mtu wa ishara treni ikimpita haangalii kichwa, kichwa kinapiga kelele chenyewe, anaangalia mwisho. Akiiona taa anajua treni imepita nzima na kipande cha nyuma kiko wazi. Asipoiona, hata kama kila kitu kinaonekana salama, haruhusu treni nyingine kuingia, maana huenda kuna mabehewa yamekatika yamebaki njiani gizani. Yule mzee alisema kabla ya kuondoka alikuwa anatembea mpaka nyuma kabisa aiguse kwa mkono, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe, na alipokuwa anasimulia mkono ukawa unanyooka kugusa hewa. Kwenye rekodi kuna sekunde kadhaa haongei, kijana alitaka kuzikata tukamkataza.

Na tokeni je, kile kisahani cha ruhusa ya kuingia kwenye kipande cha njia. Njia za tawi karibu zote zina njia moja tu, treni za kwenda na kurudi zinapita hapo hapo, na Thorpe karibu na Norwich mwaka 1874 treni mbili ziliruhusiwa kuingia kipande kimoja zikagongana uso kwa uso, wakafa watu 25. Baada ya hapo Edward Tyer akabuni mashine za umeme, moja kila stesheni, zilizofungana kwa waya, ukitoa kisahani hapa ya kule inajifunga mpaka hiki kirudishwe. Dreva asiyekishika mkononi haingii, hata awe na haraka ya namna gani. Vijana walipouliza kinapokelewaje treni isiposimama, stesheni masta mstaafu akaomba waya mnene, akaukunja duara kama kitanzi kinachobeba kisahani, akasimama sebuleni kwake akawaonyesha jinsi mkono unavyowekwa ili duara liingie begani bila kukuvunja. Hiyo tunayo kwa video. Maktaba ya kuipata hiyo sijui kama ipo.

Ndo maana kamati inapendekeza mwakani rekodi zitangulie picha. Picha za stesheni zilizochakaa tunazo mpaka zinatosha. Majengo yatangoja kidogo, wazee hawangoji, mwaka huu tumewapoteza baadhi kabla hatujawafikia na sitaki kuandika sentensi hii tena mwakani.

Jambo la mwisho ni lile la tuta, yaani ule udongo uliopitishiwa reli, na hapa najua nitapata upinzani. Wapo wanaotaka chama kipige kelele za kufufua njia. Msimamo wangu ni kwamba kelele zetu ziwe za ardhi kwanza. Reli inatandikwa upya, mataruma yananunuliwa, lakini tuta likishagawanywa viwanja umeumia. Bluebell walipotaka kurudi East Grinstead walikuta mtaro mkubwa wa Imberhorne, uliochimbwa kupitisha reli, ulijazwa takataka za mji, wakakaa miaka wakizihamisha, mpaka treni ikafika 2013. Upande wa pili angalieni Moshi: reli ilibaki chini ya nyasi, kwa hiyo treni ya abiria ikaweza kurudi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata, baada ya zaidi ya miaka 20. Nanyuki nayo ilirudi 2020. Ya Nachingwea iling'olewa, na haijarudi. Marekani walishaliona hili, tangu 1983 sheria yao inaruhusu njia iliyofungwa igeuzwe ya miguu na baiskeli huku haki ya kurudisha reli ikibaki palepale. Na Waingereza walishafanya njia ya miguu pale bonde la Manifold mwaka 1937, miaka mitatu tu baada ya treni kufa. Najua kuna wanaoona baiskeli juu ya tuta ni matusi kwa marehemu. Nyumba juu ya tuta je?

Kwa hiyo mkutanoni kutakuwa na azimio moja la kupigia kura, kwamba kila mwanachama anayeishi karibu na tuta la zamani aandike lilipo, madaraja gani bado yamesimama, na kipi kimeshajengwa juu yake, fomu atazigawa katibu. Uchaguzi: mimi nagombea tena, mweka hazina hagombei na ana sababu zake. Nafasi ya mtunza rekodi ni mpya, inahitaji mtu mwenye kompyuta nzuri na masikio, majina yafike kwa katibu wiki moja kabla ya mkutano, na tafadhali usimpendekeze mtu ambaye hujamuuliza.

Mwenyekiti