Shukrani kwa mzee uliyetusomea medali yetu

Mzee wangu, uliondoka dukani kwa sonara kabla sijakuuliza jina, basi nakushukuru hapa hadharani. Nilipeleka medali ya marehemu babu yake baba ikatengenezwe kishikio kilicholegea. Uliiomba, ukaazima lenzi ya sonara, ukaanza kusoma. Maandishi yanayozunguka kichwa cha mfalme ni Kilatini: George wa Tano, mfalme wa nchi zote za Waingereza na kaizari wa India. Upande wa pili, mpanda farasi anakanyaga ngao yenye tai, na miaka 1914 na 1918. Ukasema ni medali ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ya fedha.

Kisha ukaigeuza ubavu. Pale ukingoni, kwa herufi ndogo mno: namba, jina la babu, na K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika. Kumbe alikuwa Keya, kama askari wa jeshi hilo walivyoitwa! Nyumbani tulijua tu kwamba alikwenda vitani; kikosi chake hakuna aliyekijua.

Na ukamzuia fundi asiisugue, maana kung'arisha kunakula hizo herufi, na zikifutika haitajulikana tena ilikuwa ya nani. Kwa hilo peke yake ukoo mzima una deni kwako. Mwenyezi Mungu akujaalie afya na umri mrefu.