Shukrani kwa fundi uliyeondoka bila kuaga

Fundi, ahsante sana kwa ukuta wa ile nyumba kuukuu ya mgodini, hapa Sekenke, Iramba. Ulibandua saruji yote iliyopakwa juu ya mawe. Hiyo ndiyo iliyofungia unyevu ndani hadi mawe yakaanza kumeguka. Ukachanganya chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, ukalowesha mawe kwanza, kisha ukafunika kazi kwa magunia yenye maji wiki nzima. Bila hivyo, kwa jua hili la Singida, chokaa ingepasuka tu. Na mgodi huu una historia yake: dhahabu ya sarafu za Wajerumani za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo, ilitoka huku. Ngazi yako tumeitunza, njoo uichukue.