Kwa mpwa wangu unayetoka jukwaani kuingia kwenye kamera

Mpwa wangu,

Hongera kwa nafasi uliyopata kwenye tamthilia ya runinga. Nakuandikia mapema kwa sababu waigizaji wazuri wa jukwaani huharibu wiki yao ya kwanza kwa mambo yanayozuilika.

Kubwa ni sauti. Jukwaani umezoea kumfikia aliyekaa safu ya mwisho. Mbele ya kamera, sema kama mnaozungumza wawili barazani. Wengi wakiambiwa wapunguze sauti hupunguza na pumzi, maneno yakafia mdomoni. Kwetu Mombasa hilo ni hatari zaidi, maana twasema "ajua" na "hajui". Ukiimeza ile h, na irabu ya mwisho ikafifia, mtazamaji hatambui mhusika ana siri au hana, na kisa kimeshapinduka. Pumzi itoke tumboni vilevile. Weka simu hatua mbili mbele yako, jirekodi ukurasa mmoja, kisha sikiliza mwisho wa kila neno.

James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyesifika kwa sauti yake, alikuwa na kigugumizi utotoni, akawa karibu hasemi shuleni kwa miaka mingi, hadi mwalimu alipomsomesha mashairi kwa sauti. Mwaka 1968 aliigiza bondia kwenye jukwaa la Broadway, New York. Mwaka 1970 akamwigiza bondia yuleyule kwenye filamu na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Sauti ile ilijengwa neno kwa neno.

Halafu mwendelezo. Picha hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Nyumba ikipatikana Jumatatu tu, mazishi yatapigwa kabla ya harusi. Jiandikie kwa kila onyesho: mhusika ametoka wapi, anajua nini kufikia hapo, ameshika nini. Ukinyanyua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia kwenye neno "mama", kila rudio kiwe mkono huo, neno hilo. Ukibadilisha, mhariri hana pa kuunganishia. Atatumia picha ya mbali, na lile chozi ulilolihangaikia halitaonekana.

Alama ya utepe sakafuni, inayokuonyesha pa kusimama, usiitafute kwa macho. Simama juu yake, rudi kinyumenyume hadi unapoanzia huku ukihesabu hatua, kisha uje kwa hesabu hiyohiyo. Ukiipita kidogo tu, uso unakuwa na ukungu kwenye picha.

Joto litakusumbua, hasa wakati wa kaskazi, kwani feni na friji huzimwa zisiingie kwenye sauti. Jasho ligandamize kwa karatasi laini, usisugue, poda itatoka mabaka. Bangili vua, na buibui lisiguse maikrofoni ya kifuani.

Mkataba uwe wa maandishi, utaje siku za kujaribu mavazi na za kurudia sauti studioni, maana hizo ndizo husahauliwa kulipwa.

Onyesho likiisha, fundi wa sauti ataomba kimya cha nusu dakika arekodi ukimya wa chumba. Simama palepale, usivue viatu, hadi aseme tayari.

Mjomba wako