Nimebadilisha ekseli na springi za ile Reliant

Bakari kaka yangu, mambo vipi, mzee na wote hapo Tanga hawajambo? Mimi huku Birmingham mzima kabisa, baridi tu ndo inatusumbua. Uliniuliza ile gari ya magurudumu matatu imefikia wapi, sasa nakuandikia kwa kirefu maana kwenye simu huwa tunakatika katikati ya maneno.

Ni Reliant Robin, zile za mwanzo mwanzo, zilianza kutoka 1973 pale Tamworth, sio mbali na hapa ninapokaa. Bodi ni faiba, chasisi ya chuma, injini ya aluminiamu ya cc 748, gurudumu moja mbele na mawili nyuma kama Bajaji. Gari nzima haifiki hata kilo 450 na ndo maana wazee wengi wa huku walizipenda, ulikuwa unaruhusiwa kuiendesha kwa leseni ya pikipiki. Mimi naipenda kweli, kiwanda kiliacha kuzitengeneza 2001 na kila inayooza saivi ndo imeenda hiyo.

Shida ilikuwa nyuma. Springi ya majani ya upande wa dereva imelala, gari imeinama hata ikiwa imesimama tupu, bushi za mpira zimekwisha, halafu difu, ile giaboksi ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, inalia ukiachia mafuta. Na wewe fundi utanielewa haraka: gari ya magurudumu manne ikipinda kona, springi za mbele na za nyuma zinagawana kazi ya kuizuia isilale. Hii mbele ina gurudumu moja tu katikati, halizuii chochote, kwahiyo kazi yote ya kuishika gari isiangukie pembeni iko kwenye ekseli ya nyuma na springi zake mbili. Springi moja ikichoka, kona zinazoilaza gari upande huo zinakuwa hatari kweli. Watu huku wanazicheka sana hizi gari kwa sababu ya Jeremy Clarkson, mtangazaji wa kipindi cha magari, alivyokuwa anaibiringisha kwenye TV, lakini mwenyewe aliandika 2016 kwamba difu ya gari hiyo ya TV ilichezewa makusudi ili ianguke. Inaniuma hiyo, maana ikiwa nyuma iko sawa na dereva hana papara hii gari inatembea vizuri tu.

Ekseli nimepata kwa jamaa mmoja aliyekuwa anakata Robin iliyooza chasisi, nikachukua nzima na difu yake, springi nikanunua mpya pande zote mbili. Usije ukabadilisha upande mmoja kaka, hata kama ule mwingine unaonekana mzima.

Kufungua kulikula muda. Nilizuia gurudumu la mbele kwa vigingi mbele na nyuma, nikainua chasisi pande zote mbili kwa pamoja nikaweka stendi zimetanuka, hapo nikaweka alama kwa rangi pale propela, ile shafti inayoleta nguvu toka mbele, inapokutana na difu ndo nikafungua bolti. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka nyuzi hazionekani, hizo nilizikata na grainda tu sikubembeleza, mpya ni bei rahisi. Bolti za shakeli, kile kishikio cha nyuma cha springi, nilizilowesha mafuta usiku kucha asubuhi zikatoka kwa nyundo.

Wakati wa kurudisha kuna vitu viwili ndo nataka tuongelee. Kwanza senta bolti, ile inayofunga majani ya springi katikati. Kichwa chake lazima kizame sawasawa kwenye kile kitundu cha kikalio cha ekseli kabla hujakaza yubolti, kikipanda juu ya ukingo hata kidogo ekseli inakaa upande na gari itatembea mshazari. Mimi nilipitisha kidole kwanza nikahisi ukingo wote uko sawa, afu nikapima kwa tepu toka jicho la mbele la springi mpaka ekseli, kulia na kushoto, zikalingana ndo nikakaza kidogo kidogo kwa kuzungusha, sio kumaliza nati moja kwanza. Pili bushi za mpira: bolti za shakeli na za jicho la mbele niliziacha zimeshika tu, nikateremsha gari chini, uzito wote ukae kwenye magurudumu, ndo nikakaza moja kwa moja. Ukikaza gari ikining'inia mpira unabaki umejipinda muda wote na hautadumu. Wengi wanaruka hii hatua afu wanalaumu bushi.

Mafuta ya difu nimeweka mapya, mpira wa breki unaoenda kwenye ekseli nimebadilisha, upepo nimetoa. Shokapu za zamani bado nzima nikazirudisha. Saivi imesimama wima na difu kimya kabisa, jana nimeizungusha barabara za kijijini nje ya Tamworth, kona zinashika vizuri mno yaani nimefurahi sana.

Sasa swali langu. Zile springi za zamani sijazitupa, chuma bado kizuri hakuna jani lililopasuka. Ami yako pale gereji anayekunja springi za malori, hebu muulize kama jani jembamba hivi linakubali kukunjwa baridi kwa nyundo au litalala tena baada ya muda mfupi, maana nataka ziwe spea. Huku sijapata fundi wa kuifanya hiyo kazi kwa mkono. Nitakutumia picha na vipimo vya kila jani kesho nikitoka kazini.

Msalimie sana ami na mama watoto.

Ndugu yako,
Salim